Kovu Shingoni, Mapigo Kifuani

Somo la juma: 2 Wafalme 20:1–11

Yupo mama katika kwaya yetu ambaye kovu lake limelala shingoni kama uzi wa mkufu, juu kidogo ya ukosi wa sare. Miaka sita iliyopita alisimama mbele ya ushirika akatoa ushuhuda. Alieleza uvimbe aliodhani ni rovu la kawaida, kama lile alilokuwa nalo bibi yake na mama zake wadogo. Akaeleza siku majibu ya maabara yaliporudi na neno saratani, upasuaji wa kuondoa tezi yote, safari ya Dar es Salaam, na dawa ya mionzi aliyoimeza akiwa peke yake chumbani huku wauguzi wakimsemesha kwa mbali. Kisha akasema kipimo cha mwisho kimetoka safi. Kanisa zima vigelegele. Mimi nikashika kipaza sauti nikatamka kwamba jambo hilo limekwisha, tusilisikie tena.

Nayakumbuka maneno yangu leo kwa sababu yalimfunga mdomo. Ameniruhusu kuisimulia habari yake, nami naisimulia ili kosa langu lisirudiwe mahali pengine.

Miaka minne baada ya ushuhuda ule alianza kuamka usiku wa manane moyo ukimwenda mbio. Akipanda kilima kutoka sokoni alisimama mara tatu kuvuta pumzi. Kwenye mazoezi ya kwaya alikaa chini kabla ya ubeti wa pili. Hakumwambia mtu. Baadaye aliniuliza, "Mchungaji, ningesema nini? Ulishatangaza limekwisha. Nikisimama tena kusema naumwa, si nitakuwa namfanya Mungu mwongo?" Wenzake walidhani ni presha, wengine wakanong'ona habari za mapepo. Mimi mwenyewe nilimwekea mikono nikakemea roho ya hofu.

Siku moja nilimkuta barazani kwake akichambua maharage. Baada ya salamu akaninyooshea mkono, akasema, "Hebu shika hapa." Nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. Nilitegemea mapigo yanayofuatana kama ya ngoma. Nilichokuta kilikuwa kama matone ya mwanzo wa mvua juu ya bati: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu yakikimbizana, kimya tena. Nikatazama saa yangu nihesabu, nikapotea hesabu mara mbili. Juma lile lile tulimpeleka hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu. Kipimo cha damu kikaonyesha kwamba homoni ya tezi imezidi mno. Dozi aliyoandikiwa mwaka wa kwanza ndiyo aliyokuwa akimeza hadi siku ile, na kwa miaka minne hakuna mahali popote alipopimwa kuona kama bado inamfaa.

Ndiyo maana juma hili nimetuchagulia habari ya Hezekia.

Mfalme huyu alishika ufalme akiwa na miaka 25 akatawala miaka 29, na katika hiyo, 15 ni ile aliyoongezewa. Piga hesabu utaona kwamba alipougeukia ukuta na kulia, alikuwa mtu wa miaka 39 tu. Isaya alikuwa ameshatoka kumpa habari ya kifo, na kabla hajauvuka ua wa katikati akarudishwa na habari nyingine. Tunapenda kuhubiri hapo, na kile kivuli kilichorudi nyuma madaraja kumi. Lakini tazama kilichoko katikati: nabii anaagiza mkate wa tini uletwe, ubandikwe kwenye jipu. Ahadi ilikwisha kutolewa na Bwana, na bado dawa ikatafutwa, ikapondwa, ikabandikwa kwa mikono ya watu. Isaya hakuona kwamba tini zinaipunguzia ahadi heshima.

Halafu ikaja ile miaka yenyewe, ambayo mahubiri yetu mengi huiruka. Wajumbe wakafika kutoka Babeli wakiwa na zawadi, kwa kuwa walisikia alikuwa mgonjwa, naye akawaonyesha hazina yake yote. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 32, kinasema wazi kwamba tatizo la Hezekia baada ya kupona lilikuwa moyoni mwake. Najua mwandishi anasema kiburi, wala hasemi habari za mishipa na mapigo. Lakini kila ninapoisoma sura hiyo namwona mtu aliyelindwa vizuri siku za ugonjwa, wote wakimzunguka, nabii akiingia na kutoka. Alipopona, akaachwa. Hatusomi kwamba kuna aliyemuuliza, "Mfalme, miaka hii uliyopewa unaitumiaje?" mpaka Isaya aliporudi kumuuliza juu ya wale wageni, na hapo mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika.

Sasa nisaidieni niieleze tezi yenyewe, kwa kadiri madaktari walivyonifundisha kwa subira. Tezi dundumio, ambayo wengi tunaiita tezi ya shingo, imekaa mbele ya koo kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Huchukua madini joto tunayoyapata kwenye chumvi na samaki, ikatengeneza homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Moyo ni miongoni mwa watiifu wake wakubwa. Homoni ikizidi, moyo hukimbia, ikipungua, hulegea. Si habari ya jana. Caleb Parry, tabibu wa mji wa Bath huko Uingereza, aliandika juu ya watu wenye rovu ambao mioyo yao ilidunda kupita kiasi, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1825 baada ya kifo chake. Robert Graves wa Dublin akayaona hayo hayo kwa wanawake aliowatibu, akayaandika mwaka 1835.

Tezi ikiondolewa yote kwa sababu ya saratani, mtu huyo atameza homoni ya kidonge maisha yake yote, nayo huitwa levothairoksini. Hapo ndipo penye fundo. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, kama punje ya harage, inayoisimamia hii ya shingoni. Ikiona homoni imepungua, hutuma mjumbe aitwaye TSH kusema, ongeza. Mjumbe huyo huyo huziamsha chembe za saratani ya tezi kama zimesalia popote, maana zilizaliwa na tezi na bado zinaisikia sauti yake. Kwa hiyo daktari humpa mgonjwa homoni kuzidi kidogo mahitaji ya mwili, ili mjumbe anyamaze na chembe zile zikose wa kuziamsha. Ni hekima, nayo imewalinda wengi. Ila moyo hauna habari kwamba dozi imepandishwa kwa ajili ya saratani. Unachojua ni kwamba homoni imefika, nao unatii, mwaka baada ya mwaka.

Waliofuatilia jambo hili wamepata nini? Mwaka 1994 watafiti wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, walitoa matokeo ya watu wa miaka 60 na kuendelea waliofuatiliwa kwa miaka 10. Wale ambao TSH yao ilikuwa chini sana walipatwa na huo mtetemo wa vyumba vya moyo karibu mara tatu ya wengine. Na mtetemo huo ni hatari kwa sababu damu inayotuama ndani ya moyo huweza kuganda, donge likapanda hadi ubongoni, mtu akaamka na kiharusi. Mwaka 2013 madaktari wa Groningen, Uholanzi, waliwatazama watu 524 waliotibiwa saratani ya tezi, wakawalinganisha na wengine 1,572 wasio na ugonjwa huo. Vifo vya moyo na mishipa ya damu kwa waliotibiwa vilizidi mara tatu, na kadiri TSH ilivyoshushwa zaidi ndivyo hatari ilivyopanda.

Nawasihi msizipokee namba hizo kwa hofu. Aina ya saratani ya tezi inayoonekana zaidi, ikiwahiwa na kutibiwa, huwaacha hai zaidi ya watu 90 katika 100 miaka 10 baadaye. Hiyo ndiyo neema, na hiyo ndiyo sababu ya kuutazama moyo: mtu huyu ataishi muda mrefu, na moyo wake una safari ndefu ya kubeba. Kuna na jambo jingine ambalo wagonjwa wameniambia kwa machozi, kwamba walipopewa majibu waliambiwa washukuru, maana wamepata saratani iliyo nafuu. Aliyesema alitaka kufariji. Lakini mtu akishaambiwa hivyo huona aibu kulalamika. Anabeba uchovu wake, mapigo yake, usingizi uliokatika, na kuomba radhi kwa kuwa hai. Sisi kanisani tunaongezea tabaka la pili juu ya lile la kwanza, kwa ushuhuda tunaoudai uwe na mwisho mmoja tu.

Niwaeleze juu ya Theodor Kocher. Alikuwa daktari wa upasuaji mjini Bern, Uswisi, na mama yake mzazi alikuwa Mmoravian kama sisi. Uswisi wa milimani ulijaa rovu kwa sababu ile ile iliyoijaza nchi yetu ya Rungwe kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea: mvua nyingi huosha madini hayo kwenye udongo wa milima, na kilichoota hapo hakina cha kuwapa walaji. Kocher aliwapasua maelfu. Mkono wake ulikuwa mtulivu na safi kiasi kwamba upasuaji uliokuwa ukiua wengi ukawa salama, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii.

Lakini linalonigusa ni lile la mwaka 1883. Kabla ya hapo alikuwa akiwaondolea wengine tezi yote, vidonda vinapona, wanarudi nyumbani, anawahesabu kuwa wamepona. Mwenzake wa Geneva, Jacques-Louis Reverdin, akamdokeza kwamba baadhi ya waliopasuliwa hivyo wanabadilika. Kocher akawaita tena wagonjwa wake. Wakaja kutoka vijijini, nao wengi wa walioondolewa tezi yote walikuwa wamevimba nyuso, wanasikia baridi wakati wote, mwendo mzito, fikra zimepungua kasi. Watoto wameacha kukua. Yeye aliyesifiwa kwa mkono wake akasimama mbele ya mkutano wa madaktari wa upasuaji nchini Ujerumani akayasema hayo hadharani, na akaazimia kutoondoa tezi yote kwa sababu ya rovu tu. Angeweza kukaa kimya. Vidonda vilikuwa vimefunga vizuri na hakuna aliyemshitaki. Mchungaji anayeisoma habari hiyo hawezi kuikwepa. Nimewahi lini kumwita tena mtu ambaye ushuhuda wake ulishapigiwa vigelegele?

Baada ya Kocher dawa ilipatikana, na ilipatikana kwa kondoo. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimdunga mama wa miaka 46, ambaye tezi yake ilikuwa imekufa, maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama yule akafufuka kama shamba lililopata mvua. Aliendelea na dawa hiyo miaka 28, ikatumia tezi za kondoo zaidi ya 870, hadi alipofariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Kilichomwondoa ni moyo. Hezekia alipewa 15, yeye akapewa 28, na daktari wake akaandika habari yake yote. Homoni yenyewe safi ilitolewa na Edward Kendall huko Minnesota siku ya Krismasi mwaka 1914, nami nakiri huwa naikumbuka tarehe hiyo tunapoimba nyimbo za Noeli.

Basi wewe mwenye kovu shingoni, nakuomba mambo machache, na la kwanza linazidi yote: usiache dawa, wala usiipunguze mwenyewe kwa sababu ya maneno niliyoyaandika hapa. Homoni ikipungua, moyo hulegea, mafuta hupanda kwenye damu, maji huweza hata kujaa kuuzunguka moyo, na yule mjumbe TSH huanza tena kuita. Nenda kliniki uulize swali moja kwa ujasiri: "Daktari, kwa hali yangu ya leo, TSH yangu inatakiwa iwe ngapi?" Mwongozo wa madaktari wa tezi wa Marekani wa mwaka 2015 ulisema kwamba aliye katika hatari ndogo, ambaye matibabu yamemkubali, anaweza kuachiwa TSH yake iwe kati ya 0.5 na 2. Ambaye ugonjwa wake bado upo, mwongozo huo ulitaka iwe chini ya 0.1, na huyo moyo wake utazamwe kwa karibu zaidi. Kwa hiyo wapo ambao daktari atawaambia waendelee vile vile, na wapo ambao dozi ya mwaka wa kwanza ilipaswa kupunguzwa zamani. Huwezi kujua uko upande gani kwa kujitazama kwenye kioo. Na dozi ikibadilishwa, rudi upimwe baada ya majuma sita hadi nane, maana dawa hii hutulia polepole mwilini.

Imeze kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, ungoje nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Najua chai ya maziwa ya huku kwetu haingojeki. Lakini maziwa huizuia dawa isiingie vizuri, na vidonge vya chokaa na vya kuongeza damu huizuia zaidi, hivyo vipishane nayo kwa saa nne. Wapo ambao upasuaji uligusa na vile vitezi vidogo vya nyuma vinavyotunza madini ya chokaa mwilini. Ukisikia ganzi ya kuchomachoma vidoleni na kuzunguka mdomo, usiseme ni baridi, nenda hospitali, maana chokaa ikishuka sana nayo huuyumbisha moyo. Pima presha. Chumvi iwe ndogo, na hiyo ndogo iwe ile yenye madini joto, isipokuwa siku chache ambazo daktari atakuzuia kabla ya dawa ya mionzi. Na ukipata maumivu ya kifua, pumzi kukata, kuzimia, au upande mmoja wa mwili kulegea, siku hiyo usije kwangu kwanza. Nenda hospitali, mimi nitakufuata huko.

Kwa wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya nina neno pia. Mfuko wa diakonia umekuwa ukitoa nauli za matibabu watu wanapougua. Nimeomba tuanze kutoa nauli za kurudi kupimwa hata kama mtu anaonekana mzima, maana ndiyo inayokosekana. Mtu akiuza debe la mahindi aende Dar es Salaam kuambiwa kwamba yuko salama, mwaka unaofuata hatakwenda. Na ushuhuda tuupokee kwa namna nyingine. Anayesema ameponywa tumshangilie kwa mioyo yote, kisha tumuulize tarehe ya kliniki inayofuata, tuiandike kwenye daftari pamoja na siku za ubatizo na ndoa.

Yule mama dozi yake ilipunguzwa, akapewa na dawa ya kutuliza mapigo na nyingine ya kuzuia damu kuganda. Juzi nilipita kwake mapema, jua halijatoka vizuri. Kikombe cha chai kilikuwa mezani kimefunikwa kwa kisahani, na mjukuu wake amekaa mbele ya saa ya ukutani akisubiri mshale ufike alipoambiwa. Pembeni palikuwa na bilauri ya maji tupu na karatasi ya vidonge ambayo kila tundu lililotobolewa limeandikiwa siku kwa kalamu. Akaninyooshea mkono bila kuombwa. Nikashika. Mapigo yalikuja moja baada ya jingine. Kulikuwa na moja tu lililochelewa, kisha mengine yakaendelea. Nilihesabu dakika nzima bila kupotea: 72.

"Imetimia, Bibi!" mtoto akaita, na kisahani kikaondolewa.

Kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani aliizungushia kalamu nyekundu Jumatatu moja ya mwezi ujao. Ili awahi kliniki siku hiyo itambidi apande basi Jumapili alfajiri, nayo ndiyo Jumapili ambayo kwaya yake inaimba kwenye sikukuu ya mavuno. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitamwombea udhuru kwa mwalimu wa kwaya, aseme amepata dharura ya kifamilia.

Nikamwambia kipaza sauti nitakishika mwenyewe, niwaambie watu wote alikokwenda.